Kijana na Sufuria ya Futari



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliohudhuria, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), naingia moja kwa moja kwenye maudhui. Nimetakiwa nizungumze juu ya kijana na Ramadhan. Najua mwatarajia nitaje swala, Qur'ani na kuchunga macho. Hayo masheikh wetu wanayasema vizuri kunishinda. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya sufuria. Wala msicheke, manake jambo lenyewe ni zito.

Hebu jiulize, ewe ndugu yangu: jana baada ya alasiri mama alikuwa wapi? Dada je? Na wewe ulikuwa wapi? Majumbani mwetu mwingi jibu ni lile lile. Mama yuko jikoni. Nazi yataka kukunwa, viazi vyataka kumenywa, tambi ziko motoni, na kaimati hazitaki kupikwa mapema maana hupoa zikawa kama mawe. Adhana ya magharibi yamkuta mwiko uko mkononi, anafungua kwa tende na maji akiwa wima. Zile dakika za mwisho kabla ya kufuturu, tulizofunzwa madrasa kuwa ni wakati wa kukithirisha dua, kwake zimekwisha kwa kuchochea makaa. Naye amefunga kama wewe ulivyofunga! Na dada yako ana mtihani kama wewe, lakini kitabu chake kimefungwa tangu saa tisa, ilhali wewe umelala waitwa "mfungaji".

Ndugu zangu, Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Jibu lake, kama lilivyopokewa katika Sahihi Bukhari, ni kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa swala akitoka kwenda kuswali. Hadithi hii wengi twaijua kwa moyo. Tatizo twaisoma kana kwamba yahusu nyumba za watu wengine.

Wako watakaosema kupika si kazi ya mwanamume. Mimi nawauliza, pilau ya harusi Mombasa huwa wapika nani? Zile sufuria kubwa za kukorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia, wapishi wake ni wanaume. Mishkaki na viazi karai barabarani ni wanaume pia. Kwa hivyo kumbe mikono yetu yaweza. Kupika kwa malipo twaona ni kazi, ila kumpikia mama ndio twaona aibu. Mimi siielewi hesabu hii.

Halafu tuko sisi tuliotoka nyumbani tukaja kusoma Nairobi. Magharibi ikiingia, wengi mfuko mmoja wa chipsi na soda baridi ndio futari, na daku ni mkate mkavu. Siku ya tano mtu hana nguvu ya tarawehe, analalamika saumu ni ngumu. Si saumu, ni chipsi. Vijana watatu wenye meko moja ya gesi na sufuria moja nzito wakichanga, watakula chakula cha kushiba kwa pesa zile zile walizokuwa wakimpelekea muuza chipsi kila mmoja peke yake.

Basi anza na chakula kimoja ukijue barabara. Mimi nakushauri muhogo wa nazi kwa nyama. Ni chakula cha sufuria moja, chashibisha, na hakihitaji ufundi wa chapati. Kwa watu watano au sita tafuta nyama ya mifupa nusu kilo, muhogo kilo moja na nusu, nazi mbili, vitunguu viwili, nyanya mbili, thomu, tangawizi, ndimu, manjano kidogo na pilipili mbichi mbili.

Kwetu magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo ukishaswali alasiri una muda wa kutosha. Nyama itangulie motoni kwa maji, chumvi, thomu na tangawizi iliyopondwa. Ipe saa nzima au zaidi, usiiharakishe. Huku yachemka, kuna nazi. Ukiwa na mbuzi kalia mbuzi, usimwite dada! Tia maji ya vuguvugu kidogo, kamua, chuja: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Tia maji tena, kamua, upate tui jepesi. Watu huyachanganya yote pamoja kwa haraka, wakashangaa mchuzi hauna ladha.

Muhogo umenye ganda lote, la nje na lile la waridi la ndani, upasue katikati utoe ule uzi mgumu, uukate vipande na kuuosha. Nyama ikilainika, mwaga humo muhogo, vitunguu, nyanya, manjano na tui jepesi. Pilipili ziache nzima, zinukie bila ya kuwachoma watoto. Funika. Baada ya nusu saa hivi choma kipande kwa kisu; kikipasuka chenyewe, muhogo umeiva. Sasa punguza moto, mimina tui zito, na hapa usiondoke. Koroga polepole pasi na kuacha mpaka lichemke, la sivyo tui litakatika, mafuta mbali na maji mbali. Likishachemka na kuwa zito, epua, ukamulie ndimu.

Swali ninaloulizwa kila mara: mtu amefunga, ataonjaje chumvi? Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba hapana ubaya mfungaji kuonja kilichomo chunguni, na wanavyuoni wameeleza kuwa ni kwa ncha ya ulimi, pakiwa na haja, kisha ateme asimeze kitu. Ukiona wasiwasi, pima. Kwa sufuria hii vijiko vidogo viwili vyatosha, na atakayetaka zaidi ataongeza sahanini. Chumvi iliyozidi haitoki.

Jipangie uepue nusu saa kabla ya adhana. Nusu saa hiyo ndiyo nia yangu yote katika mazungumzo haya. Mwambie mama, "Leo keti, shika tasbihi yako." Pengine hataamini, atakuja kuchungulia sufuria mara tatu. Mwache achungulie, lakini mwiko usimpe.

Na kabla ya kupakua, toa bakuli la jirani. Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Mtume (S.A.W.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke jirani zake. Muhogo wa nazi wakubali usia huu bila taabu: kikombe kimoja cha tui jepesi na mihogo miwili zaidi, nyumba ya pili imefuturu. Upeleke moto moto, maana chakula cha tui hakingoji. Kikikaa nje usiku kucha kwa joto la pwani, wakati wa daku utakikuta kimechacha.

Lililobaki ni sufuria yenyewe. Tui likikauka hung'ang'ania, kwa hivyo itie maji ya moto mara tu mkishapakua, ukirudi tarawehe uisugue. Uisugue wewe.