Mtoto Anayeinamisha Kichwa: Upimaji wa Makuzi ya Kijamii na Kihisia kwa Watoto wa Mwaka 1 hadi 3
Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii na walezi wa vituo vya mchana, Ngaramtoni

Ratiba inanitaka nianze na maana ya maneno. Mnazijua. Makuzi ya kijamii ni jinsi mtoto anavyoishi na watu. Ya kihisia ni jinsi anavyofurahi, anavyoogopa, anavyokasirika na kutulia tena. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inatutaka tumwangalie mtoto kwa mapana, si uzito na chanjo peke yake. Hapo hatubishani.

Ubishi wangu ni na kipengele kimoja cha fomu yetu ya upimaji, namba 14: "Mtoto humtazama mtu usoni anaposemeshwa."

Kipengele hiki nilikijua kwa kuumbuka. Mwaka 2011 nilikwenda kwenye boma moja upande wa Olmotonyi. Mimi ni Mpare, nilikuwa mgeni hapa. Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, fomu mapajani, nikamwita mtoto wa miezi 20. Akaacha kopo alilokuwa akichezea, akaja taratibu, akasimama mbele yangu na kuinamisha kichwa. Akangoja. Nikamshika kidevu nimwinue uso, maana nilitaka macho. Akaangua kilio na kukimbilia kwa bibi yake. Nikaandika sifuri kwa kutotazama, nikaandika na sifuri nyingine kwa kulia mbele ya mgeni. Bibi akaniambia, "Mama, mtoto anakusalimia. Mbona humgusi kichwa?"

Sasa tuhesabu alichofanya yule mtoto. Alimtambua mkubwa, alikatiza mchezo, alimsogelea mtu asiyemjua, akatulia akisubiri mkono wake. Hiyo Waarusha na Wamaasai huiita enkanyit, yaani heshima, na huanza kuifundisha kabla mtoto hajajua kusema. Fomu yetu haina pa kuiandika.

Sisemi namba 14 ifutwe. Mtoto asiyetazama watu huenda ana usonji, huenda haoni vizuri, na hao tunatakiwa kuwaona mapema. Kosa la upande wa pili nalo nimeliona: mtoto tuliyemsifu kwa upole na adabu, kumbe hasikii. Kwa hiyo swali libaki, ila tumbadilishe mtu anayetazamwa. Je, humtazama dada yake wanapocheza? Bibi akinyoosha kidole kuonyesha ng'ombe, macho yake hufuata? Mama akimimina maziwa, humwangalia usoni kuomba? Hayo yanamtenga mwenye tatizo na mwenye heshima.

Mgeni ndani ya kipimo si hewa. Mary Ainsworth alipofika Uganda mwaka 1954 alitembelea familia 26 za Waganda, karibu na Kampala, akaona mtoto akilia na kumfuata mama anapoinuka tu. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, watoto walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka, hawakushtuka sana nyumbani. Ndipo ikabidi watafutiwe chumba kigeni na mtu mgeni ili woga uonekane. Yaani huko mgeni aliletwa makusudi, naye akahesabiwa kuwa sehemu ya kipimo. Sisi tunampeleka kila boma, kisha tunaandika majibu kana kwamba hakuwapo.

Na lugha pia. Mwulize mama wa hapa kuhusu "hisia" za mtoto, atacheka. Kwake hayo ni mambo ya wapenzi. Mwulize kama mtoto anadeka, anasusa, ananuna, na akizira chakula ni nani humbembeleza. Atakueleza mpaka chai ipoe.

Nimeandika barua kuhusu suala hili kwa miaka mingi. Jibu ni lile lile: limepokelewa, litafanyiwa kazi. Nawaelewa wakubwa zangu. Fomu ikibadilika hapa, takwimu hazitalingana na za wilaya nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kilo 10 ni kilo 10 Ngaramtoni na Pemba, salamu siyo. Wenzetu wa Malawi walitengeneza kipimo chao kwa kuanzia na mambo ambayo watoto wa vijijini kwao hufanya, wakakijaribu kwa watoto zaidi ya 1,400 na kukichapisha mwaka 2010. Nasi tunaweza.

Napendekeza, kwanza, mpimaji asalimie kwa desturi ya nyumba kabla ya kutoa fomu. Pili, anayeulizwa awe yule anayeshinda na mtoto, hata kama ni dada wa miaka 10, mama ataongezea. Tatu, tusipime siku za soko, Alhamisi na Jumapili, mama hayupo na nyumba ina haraka. Nne, "hisia" litolewe, maneno ya nyumbani yaingie. Tano, mtoto aliyepata sifuri mbele ya mgeni aangaliwe tena akiwa na watu wake kabla ya kuandikiwa rufaa. Sita, anayeonekana mpole kupita kiasi apimwe masikio. Saba, maswali yatafsiriwe kwa Kiarusha na kujaribiwa kwa mabibi, si kwa wataalamu ofisini. Nane, wilaya itoe nafasi kwenye fomu kwa ajili ya heshima. Tisa, narudia ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayosahaulika: salimia.

Hadi fomu mpya ije, na sijui itakuja lini, naomba kila mwenye kalamu hapa afungue ukurasa wa pili na kuandika pembeni mwa namba 14: "Ameinamisha kichwa: ndiyo / hapana."