Daftari la Ahadi Liko kwa Nani?

Euro bilioni 1.5. Rais Macron wa Ufaransa alizitangaza Oktoba 2025 mkutanoni Paris kwa ajili ya watu wa Mashariki ya Kongo na Maziwa Makuu, na ninyi wasikilizaji mmeshasikia, hatutarudia. Sisi tuna swali moja: daftari liko kwa nani?

Nchi gani imeahidi kiasi gani? Ni fedha mpya, au ni zile zilizokwisha kutangazwa zamani? Zitafika lini, na nani atazipokea? Tulistahili kujibiwa hayo tangu Aprili 2018, mkutano wa Geneva ulipomalizika. Ziliombwa karibu dola bilioni 1.7 kwa ajili ya Kongo, zikaahidiwa milioni 528. Serikali yetu wenyewe ilisusa, ikidai hali inatiwa chumvi. Katika hizo milioni 528, mtaani kwenu zilifika ngapi? Daftari liko kwa nani?

Hata kwenye matanga michango huandikwa. Aliyetoa yumo, aliyeahidi yumo, na watu hawatawanyiki kabla majina hayajasomwa. Wakubwa hawa wanashindwa na kamati ya matanga?

Mwaka 2024 Marekani peke yake ilibeba takriban asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu nchini. Mwaka 2025 ikaufunga mkono. Na msaada ukikatika, kuna wasioweza kungoja: mama aliyebakwa anatakiwa aanze dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72. Saa 72, wasikilizaji! Ahadi ya Paris itamfikia saa ngapi? Huko Paris tuliambiwa pia uwanja wa ndege wa Goma ungefunguliwa wiki zilizofuata kwa ndege za msaada. Uwanja huo ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na M23 walisema hawakuulizwa.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda itulipe fidia ya vita ya dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65. Mfuko wa FRIVAO ukaundwa kwa ajili ya waathirika, wakiwemo watu wa Kisangani walioangukiwa na mabomu Juni 2000. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka 3 kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola milioni 19, fedha za mfuko huohuo zilizoelekezwa kujenga gereza. Gereza, na waathirika bado wanapanga foleni! Lakini fedha hizo tuliweza kuziulizia, kwa kuwa kiasi, tarehe na mlipaji viliandikwa. Za Paris tutaziulizia kwa lipi?

Basi wabunge waitake orodha kabla kikao chao hakijafungwa. Mashirika nayo yaseme yamepokea nini, na kiasi gani kimekwenda kwenye magari na kodi ya nyumba. Nanyi msingoje! Kina mama wa vyama, ulizeni. Wanafunzi, ulizeni. Padri, mchungaji, shehe, ulizeni mbele ya waumini wenu. Mbunge akiwapigia simu kutoka Kinshasa kuwapa salamu, pokeeni salamu, kisha mumuulize: nchi gani, kiasi gani, tarehe gani, nani amepokea? Leteni majibu hapa. Tutayasoma hewani kila Ijumaa, hata kama orodha itakuwa na mistari miwili tu.