Haki ya Njia: Baiskeli, Saumu na Mwendo wa Mja

Maandishi ya darsa iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, Ramadhani 1447, London

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Najua wengi wenu mlitarajia kuwa leo tutaendelea na masuala ya zaka. Zaka tutairudia inshaallah siku ya Jumamosi. Leo nimeombwa, na nafsi yangu pia imenisukuma, nizungumze juu ya jambo lililotukuta njiani wiki iliyopita, nalo ni jambo la njia hasa.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima aliyepita miaka sabini, alikuwa anakuja kufuturu pamoja nasi. Aliteremka kwenye basi katika barabara ya Whitechapel. Mnaoijua barabara ile mnajua kwamba njia ya baiskeli inayotoka Aldgate hadi Stratford inapita pale, mbele kabisa ya Msikiti wa East London, na kwamba katika baadhi ya vituo njia hiyo hupita nyuma ya kituo chenyewe. Abiria akishateremka huwa amesimama kama kwenye kisiwa: barabara mbele yake, baiskeli nyuma yake. Ili afike kwenye njia ya miguu, lazima aivuke ile njia ya baiskeli. Mama yetu alisimama, akatazama, akaanza kuvuka mahali palipochorwa mistari ya kuvukia. Akatokea kijana juu ya baiskeli ya umeme, hana taa, na begi kubwa la vyakula mgongoni. Hakupunguza mwendo. Alimpiga kikumbo, mama akaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika. Kijana aligeuka akatazama mara moja, kisha akaenda zake.

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Wapita njia walikusanyika, kila mmoja na maneno yake, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitaka kumwapiza yule kijana kwa ulimi wangu wote. Mama akanishika nguo kwa ule mkono mzima akaniambia, "Mwanangu, mimi nina saumu. Na wewe una saumu. Nitafutie maji nioshe uso." Basi.

Ndugu zangu, tuanze na saa. Wale mliokuwa hapa miaka kumi iliyopita mnakumbuka Ramadhani za mwezi wa Juni na Julai. Tulikuwa tukifuturu saa tatu na dakika kama ishirini usiku. Wafanyakazi wameshafika makwao zamani, barabara zimetulia. Mwezi wetu hufuata mwandamo, umerudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na sasa tunafuturu saa kumi na moja na nusu na kuendelea, saa ile ile ambayo London nzima inatoka kazini. Giza linaingia, mabasi yamejaa, magari yamebanana, baiskeli zinapita kwa makundi, na sisi tumo humo humo, koo zimekauka, kila mtu anaihesabu dakika. Saa ya dua kupokelewa imekutana na saa ya watu kugongana.

Katika saa kama hiyo, mja mwenye saumu aende vipi?

Imepokewa na Ibn Abbas, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba siku ya kuondoka Arafa Mtume (S.A.W.) alisikia nyuma yake makelele makubwa na ngamia wakipigwa ili waende mbio. Aliwaashiria watu kwa mjeledi wake, akawataka watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza mnyama. Zingatieni ilikuwa siku gani. Ilikuwa siku tukufu, watu wametoka kwenye kisimamo cha Arafa, wanaharakia ibada inayofuata. Kama haraka ingekuwa na udhuru, basi ingekuwa siku ile. Na Usama bin Zayd, aliyepanda pamoja naye siku hiyo, alipoulizwa juu ya mwendo wa Mtume, alieleza kwamba alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata uwazi ndipo aliposhika kasi.

Hapo, vijana wangu, pana fikihi nzima ya kuendesha baiskeli. Mtume hakukataza kasi. Palipo wazi, palipo salama, nenda. Palipo na msongamano, zuia kipando chako. Tofauti iko katika waliokuwa mbele yako, wala si katika shida yako ya kufika.

Nataka niwe mwadilifu. Katika nchi hii watu wanaokufa kwa kugongwa na baiskeli huhesabika kwa vidole kila mwaka, na wanaouawa na magari ni mamia kwa mamia. Baiskeli ni kipando chepesi, hakichafui hewa ya watoto wetu, na afya ya mpandaji hunufaika. Sisi wenyewe ni watu wa baiskeli. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa, mji ule unasifika kwa baiskeli. Nasi tuliokulia Mji Mkongwe wa Unguja tunakumbuka: ukifika kwenye pembe ya kichochoro unapiga kengele, na ukiona watu wazima wamekaa barazani unashuka, unatoa salamu, unaikokota baiskeli mpaka uwapite. Hakuna askari aliyetuamuru. Ungelipita mbio, habari ingelifika nyumbani kabla yako.

Hapa hakuna baraza. Hapa hakuna anayemjua mama yako. Ndiyo maana watu wameandikiwa sheria, na sheria hizo baadhi yake ni kongwe kuliko baiskeli yenyewe. Sheria inayokataza kupanda baiskeli kwenye njia ya miguu ni ya mwaka 1835, nayo inataja farasi, punda, kondoo na nguruwe. Watu wa Lamu watacheka, lakini punda wamo. Kupita taa nyekundu kwa baiskeli ni kosa, na faini yake ya papo kwa papo ni pauni 50. Baiskeli ya umeme, ili ihesabiwe kuwa ni baiskeli, mota yake isizidi wati 250, na iache kumsaidia mpandaji afikapo karibu kilomita 25 kwa saa. Ile iliyochezewa ikakimbia zaidi ya hapo, mbele ya sheria ni pikipiki: inataka leseni, bima na nambari. Nawatazama vijana wawili watatu hapa wanainamisha vichwa. Sitawataja.

Mwaka 2016, mwezi wa Februari, mama mmoja aligongwa alipokuwa akivuka katika mtaa wa Old Street, si mbali na hapa, na kijana mwenye baiskeli isiyokuwa na breki ya mbele. Alifariki, akaacha mume na watoto wawili. Mahakama, mwaka 2017, ilipotafuta sheria ya kumhukumia kijana yule, ilimtia hatiani kwa kifungu cha mwaka 1861 kilichowekwa kwa ajili ya waendesha magari ya farasi, akafungwa miezi 18. Na mwaka 2022, katika bustani ya Regent's Park, bibi wa miaka 81 aligongwa na mpandaji aliyekuwa akizunguka na wenzake kwa kasi iliyozidi ile iliyowekewa magari mle ndani. Bibi yule naye alifariki. Hakushitakiwa mtu, kwa kuwa kikomo kile cha mwendo hakiwahusu wapanda baiskeli. Ndipo mwaka jana, 2025, serikali ikatangaza makosa mapya ya kuua au kujeruhi kwa baiskeli, na adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha.

Basi mtu asije akasema, ustadhi, hili ni jambo la polisi. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho mashekhe wetu wa pwani wamekisomesha vizazi na vizazi, suala hili limekwisha. Aliye na mnyama ana dhamana ya alichokiharibu mnyama huyo, roho au mali, usiku au mchana. Udhuru wa kwamba ngamia ndiye aliyemkanyaga mtu haukubaliwi. Hatamu zilikuwa mkononi mwako. Na baiskeli haina hata akili ya ngamia ya kumkwepa mtu; yote ni wewe.

Liko zito kuliko hilo. Fungueni Suratun-Nisaa, aya ya 92. Anayemuua muumini kwa kukosea, bila ya kukusudia, amewekewa kulipa dia kwa jamaa wa aliyeuawa, isipokuwa wakisamehe, na amewekewa kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Nimewauliza vijana wa madrasa juzi kama wanaijua hukumu hii, wakasema wanaijua, lakini walidhani ni ya vita. La. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wanaitumia kwa mwenye kuua barabarani kwa uzembe wake. Sisi tuko katika siku ya ngapi ya mwezi mmoja, na tayari tunahesabu zilizobaki. Fikiri miezi miwili, haikatwi hata siku moja bila ya udhuru, na kila jioni unapotia tende mdomoni unamkumbuka mtu aliyekuwa akivuka njia.

Katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kuna hadithi ya Abu Musa, iliyomo katika Bukhari na Muslim: mwenye kupita msikitini mwetu au sokoni mwetu akiwa na mishale, na aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Hakumwambia apitaye msikitini ajihadhari na mishale. Amri ilimwendea mwenye mishale. Nilishangaa nilipoona kuwa kanuni za barabara za nchi hii, zilipotengenezwa upya Januari 2022, zimeshika njia hiyo hiyo: mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru ndiye aliyebebeshwa jukumu kubwa zaidi. Lori juu ya gari, gari juu ya baiskeli, baiskeli juu ya mwenda kwa miguu.

Sasa nakuja kwenu nyinyi ambao hamna baiskeli na mmekuwa mkitikisa vichwa tangu nilipoanza.

Yule kijana aliyemwangusha mama yetu alikuwa anapeleka chakula kwa nani? Sijui. Lakini najua kwamba wengi wetu, dakika ishirini kabla ya Magharibi, tunashika simu tukaagiza. Kijana halipwi kwa saa, analipwa kwa mzigo aliofikisha. Tunamtazama kwenye ramani ya simu kama tunavyotazama mbio za ngalawa, na akichelewa dakika kumi tunamnyima nyota. Katika vijana hao wamo watoto wetu, na wengine wamefunga, hufuturu kwa maji chini ya taa za barabarani. Anayemharakisha mtu katika giza ana sehemu yake katika kinachotokea. Sisemi ni haramu kuagiza. Nasema agiza saa kumi, au pika, au kula tende ungoje.

Na magari yetu! Usiku wa tarawehe, gari linaachwa juu ya njia ya baiskeli, "dakika mbili tu, shekhe, namteremsha mama." Dakika mbili zinakuwa rakaa ishirini. Mpanda baiskeli anayekuta njia yake imezibwa analazimika kutoka aingie mbele ya basi, au apande kwenye njia ya miguu walipo watoto wetu. Halafu tunamlaani kwa kupanda njia ya miguu. Jirani yetu mmoja, si Muislamu, aliniletea malalamiko hayo kwa adabu kubwa mwaka jana, na sikuwa na la kumjibu.

Mtume ametufundisha kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na la chini yake ni kuondoa adha njiani. Zile baiskeli za kukodi mnazozikuta zimelala katikati ya njia ya miguu, kipofu hawezi kupita, mama mwenye kigari cha mtoto hawezi kupita: hukuiangusha wewe, lakini mkono unao. Iinue. Isogeze. Tawi hilo la imani limewekwa mlangoni pako.

Kwa hiyo tumekubaliana na kamati haya. Kuanzia leo, wanaume wanne watasimama nje kila jioni na vizibao vyenye kung'aa, kuwavusha wazee kutoka kituoni. Gari litakaloachwa juu ya njia ya baiskeli, nambari yake itatajwa kwenye kipaza sauti, hata likiwa la imamu. Vijana wanaopeleka vyakula, mlango wa nyuma uko wazi na sahani zenu zitawekwa. Ingieni mfuturu hata kwa dakika tano, baiskeli tutawalindia. Na yeyote ambaye taa yake imekufa, amwone fundi wetu baada ya Taraweehe. Taa atapewa bure, jumuiya imeshanunua.

Yule mama alirudi kutoka hospitali juzi. Mkono umefungwa plasta. Ameniomba nikitoa darsa nimwombee dua kijana yule. Nikamwuliza, kijana gani, mama, yule aliyekimbia? Akasema, "Ndiye. Amefika salama alikokuwa anakwenda?"

Ewe Mola, mponye mama yetu, na umfikishe kijana yule salama, na uwalinde wote walio njiani saa hii. Amin.

Zimebaki dakika saba. Tende zipitishwe, tuanze na wazee.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.