Ofisi Mbili, Mtandao Mmoja: Kuunganisha Matawi ya Biashara kwa Intaneti ya Kasi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanyabiashara na wakazi wa Kata ya Pongwe





Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza kwa namna hii: nina duka hapa Pongwe na ghala kule mjini; yawezekanaje kompyuta ya huku ikasoma kilichomo katika kompyuta ya kule, kana kwamba zote zimo chumba kimoja? Jibu fupi ni kwamba yawezekana, na kwa gharama ambayo biashara ya kati inaimudu. Jibu refu ndilo lililonileta hapa.

Tuanze na hali ilivyo. Mwenye ghala huandika katika daftari lake, na mwenye duka katika lake. Jioni mmoja humpigia mwenzake simu, au hupiga picha ukurasa na kuutuma, au humpa kijana wa bodaboda flashi aipeleke. Mpaka hesabu hizo mbili zikutane, siku imekwisha. Hapa kwetu, penye kiwanda cha saruji, nadhani hakuna asiyeujua ugomvi huu: ghala linaonyesha mifuko 300, duka limekwisha kuuza 80 tangu asubuhi, na mteja wa tatu amelipia mzigo ambao haupo tena. Hapo hakuna aliyeiba. Ni madaftari mawili tu yanayosema mambo mawili juu ya mali moja, na anayeumia ni karani, ambaye hukatwa mshahara kwa upungufu ambao hakuusababisha.

Wakazi wa Pongwe hamhitaji kufundishwa maana ya njia inayounganisha miji. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, mwaka uliofuata ikafika hapa, na mwaka 1896 ikawa Muheza. Zamani, kampuni iliyotaka kuunganisha ofisi zake kwa mawasiliano ya kompyuta ilifanya jambo linalofanana na kujijengea reli yake yenyewe: ilikodi laini maalumu kutoka kampuni ya simu, laini isiyopitisha mzigo wa mtu mwingine, na kuilipia kila mwezi, itumike isitumike. Mabenki na mashirika makubwa waliweza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hakuweza, wala hakuwa na sababu ya kujaribu.

Kilichobadilika ni barabara ya umma. Hadi mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea mno setilaiti kwa mawasiliano yake na ulimwengu. Setilaiti hizo za kale hukaa umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilianza kuulaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao husimamiwa na TTCL. Leo mwenye duka anaweza kupata intaneti ya kasi kwa waya wa faiba pale ulipofika, au kwa ruta ya laini ya simu pale ambapo haujafika. Hiyo ndiyo barabara ya umma: kila mtu anapita, na bei yake imegawanywa kwa wapitaji wote.

Lakini nani atapitisha vitabu vya biashara yake katika barabara ya umma, vikiwa wazi? Hapo ndipo inapoingia teknolojia iitwayo kwa herufi tatu VPN, ambayo kwa Kiswahili tunaiita mtandao binafsi pepe. Watu wa bandari watanielewa haraka. Kontena hutoka bandarini likiwa limefungwa kwa lakiri. Hupita njia ile ile ya malori na daladala, lakini aliye njiani haoni kilichomo, na lakiri ikiguswa mpokeaji atajua. Ruta ya Pongwe huchukua kila taarifa inayokwenda ghalani, huigeuza kuwa fumbo lisilosomeka, huitia lakiri na kuituma. Ruta ya mjini hukagua lakiri, hufumbua fumbo, kisha huikabidhi kwa kompyuta husika. Kompyuta zenyewe hazijui kama kuna safari iliyofanyika. Karani wa Pongwe hufungua jedwali la mali, hupunguza mifuko 10, na mwenzake aliye umbali wa kilomita zipatazo 14 huiona imepungua papo hapo.

Njia za kutia lakiri hiyo ni kadhaa. IPsec ni ya zamani na imo katika ruta nyingi za ofisini; OpenVPN ilitoka mwaka 2001; WireGuard ni changa zaidi na nyepesi. Zote tatu zinafaa zikisimikwa vizuri. Iko nyingine iitwayo PPTP, ambayo mafundi wengine bado huipenda kwa kuwa ni rahisi kusimika. Ikataeni. Fumbo lake lilikwisha kuvunjwa hadharani miaka mingi iliyopita.

Sasa niseme yale yanayokwamisha kazi, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea.

La kwanza ni kasi ya kupakia. Matangazo ya intaneti hutaja kasi ya kupakua, yaani ya kuvuta kitu kuja kwako, na mara nyingi ndiyo iliyo kubwa. Lakini ofisi inayotuma taarifa kwa ofisi nyingine hupakia. Ikiwa ghala linapakia megabiti 10 kwa sekunde, faili la gigabaiti 2 litachukua kama dakika 27 kufika dukani, hata kama duka lina uwezo wa kupakua mara kumi ya hapo. Programu ya mali na mauzo haina njaa kubwa. Hutuma maneno na tarakimu. Zenye njaa ni kamera za ulinzi, ambapo kamera moja ya picha safi huweza kula megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, mchana na usiku. Nimeona watu wakilaumu mtandao kwa uzito wa programu ya mauzo, kumbe ni kamera nne zinazotuma picha za ukuta. Acheni picha zihifadhiwe pale pale zilikochukuliwa, na zitazamwe pale tu panapokuwa na haja.

La pili ni anwani. Mnakumbuka mwaka 2022 wakati wa operesheni ya anwani za makazi, mitaa ilipopewa majina na nyumba nambari, ili nyumba mbili zisigombee anwani moja. Ndani ya ofisi zenu kompyuta nazo zina nambari za nyumba, na ruta nyingi hutoka kiwandani zikigawa nambari zile zile, zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi zikiwa mbalimbali hakuna tatizo. Zikiunganishwa, Pongwe ina nyumba namba 10 na ghala lina nyumba namba 10 katika mtaa wa jina moja, na ujumbe haujui uende wapi. Dawa yake ni kubadili mtaa wa ofisi moja kabla ya kuunganisha. Ni kazi ya nusu saa mwanzoni, lakini ikiachwa mpaka printa na mashine zote zimekwisha kufungwa, itawagharimu siku nzima.

Liko na la tatu, linalofanana na sanduku la posta la kuazima. Laini ya simu, na hata baadhi ya intaneti za nyumbani, hazikupi anwani yako mwenyewe katika intaneti. Wateja wengi hushiriki anwani moja, kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani zimekwisha adimika duniani. Kutuma barua kunawezekana. Anayetaka kubisha hodi mlangoni kwako ndiye asiyejua mlango ni upi. Kwa hiyo, walau ofisi moja kati ya zote, na ifaayo ni ile yenye seva, inapaswa kuomba anwani ya umma isiyobadilika kutoka kwa mtoa huduma. Hulipiwa nyongeza. Ofisi nyingine zote zitabisha hodi kwake, hata zikiwa katika laini za simu. Ulizeni jambo hili kabla ya kutia saini mkataba.

Ndugu zangu, kuna upande wa sheria, na hapa naomba msikivu wenu. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni wanaohitaji kutumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zao kwa Mamlaka, ikiwamo anwani ya intaneti wanayotumia, na siku ya mwisho iliyotajwa ilikuwa tarehe 30 Oktoba. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo zinakataza kutumia teknolojia kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu inayotajwa ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wengi wetu tulilichukulia tangazo lile kuwa ni la vijana wanaotafuta tovuti zilizofungwa. Lakini handaki kati ya duka lako na ghala lako linaitwa kwa jina lile lile la VPN. Basi andikisheni. Mwenye leseni halali ya biashara na sababu halali ya kuunganisha matawi yake hana la kuficha, na mimi naona ni afadhali karatasi iwemo katika faili lako kuliko maelezo yako yawe mdomoni siku ya kuulizwa. Msimwachie fundi kazi hiyo. Jina litakaloulizwa ni la mwenye biashara.

Wenye zahanati, shule na vyama vya kuweka na kukopa wana mzigo zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, namba za simu, na habari za afya au madeni ya wanachama wenu ni taarifa binafsi. Kuzisafirisha kati ya matawi bila lakiri ni kujitafutia kesi.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Waliokuwa na hesabu zao katika seva za ng'ambo waliguswa hapo hapo. Ofisi mbili za Tanga zilizounganishwa kwa mtoa huduma mmoja wa hapa nchini hazina sababu ya kwenda baharini ili kusalimiana. Na hata zikiwa na watoa huduma wawili, mawasiliano yao yanaweza kukutana Dar es Salaam katika kituo cha kubadilishana mawasiliano cha TIX, iwapo wote wawili wamejiunga nacho. Hiyo ni hoja nzito ya kuweka seva karibu.

Hata hivyo nisiwauzie kila mtu. Ikiwa programu yako ya mauzo hufunguliwa kwa kivinjari na huhifadhiwa na kampuni iliyokuuzia, kila tawi linahitaji intaneti tu. Handaki halitakuongezea kitu ila bili. Anayelihitaji ni yule mwenye seva yake mwenyewe. Na huyo ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu mafundi wengine, ili kumaliza kazi haraka, hufungua mlango wa seva moja kwa moja kwenye intaneti, ili mwenye duka aingie akiwa popote. Mlango huo huonekana na dunia nzima. Ziko programu zinazozunguka usiku na mchana zikijaribu nywila katika milango ya namna hiyo, na zikipata nafasi hufunga mafaili yako yote na kudai malipo. Ukimwona fundi wako anafanya hivyo, msimamishe.

Jambo jingine ni kwamba njia inayopitisha hesabu hupitisha pia maradhi. Kirusi kilichoingia kwa flashi ya Muheza kitafika Pongwe kwa kasi ile ile unayoilipia. Kwa hiyo handaki lisiwe uwanja wazi: kompyuta ya karani ifike kwenye programu ya mali, basi, simu za wageni na watoto ziwe katika Wi-Fi yao ya pembeni. Nakala ya akiba ya hesabu ikae katika diski inayochomolewa, isiyobaki imeunganishwa usiku kucha.

Umeme nao ni nusu ya mtandao. Ruta hula umeme kidogo kuliko taa nyingi za zamani, na betri ndogo ya akiba huiweka hai kwa saa kadhaa. Wekeni betri hiyo pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja tu umezima, handaki limekufa. Wakati wa masika, kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme wa radi hugharimu kidogo sana kuliko ruta mpya.

Fundi akimaliza, kabla hamjamlipa salio, mwombeni afanye mambo matatu mbele yenu. Azime ruta ya upande mmoja kisha aiwashe, na handaki lisimame lenyewe bila yeye kugusa kitu. Achomoe waya wa intaneti, na muone kama laini ya simu ya akiba, mliyoilipia, inapokea kazi kweli. Kisha awakabidhi, kwa maandishi, anwani zote, majina ya kuingilia na nywila zote, nanyi mzibadilishe jioni ile ile akiwa amekwisha kuondoka.