Divisheni Si Tiketi ya Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali la kwanza mtaani huwa, "Kapata divisheni ngapi?" Lakini chuo kikuu kinatazama masomo kwanza. Kwa kozi nyingi za shahada, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4 au zaidi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1.

Anayetaka udaktari pale chuo cha Bugando, Mwanza, kwa matokeo hayo lazima awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Divisheni wani ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, haimsaidii kitu. Tena kufikia kiwango si kupata nafasi: waombaji wakizidi, wenye alama za juu hutangulia.

Tangu 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, na kwingine pia, thibitisha kimoja kabla muda haujaisha. Na anayekuuzia "nafasi ya ndani"? Huyo ni tapeli, usimpe hata shilingi.