Kimemo hakiandiki programu

*Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea na vijana wa Kibamba, Dar es Salaam. Tumeyachapa kwa ajili yako wewe ambaye hukuwapo.*



Najua kinachosemwa kijiweni kila jioni: kazi nzuri ni za watoto wa vigogo, sisi walalahoi tumeachiwa kupiga debe Mbezi Mwisho. Sitabisha. Vimemo vipo na wajomba wapo. Lakini leo nakuletea habari ya kazi moja ambayo kimemo hakifiki nayo mbali, nayo ni kazi ya kuandika programu za kompyuta. Mtoto wa kigogo anaweza kupewa kiti, lakini programu haimjui baba yake. Ama inafanya kazi, ama haifanyi. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, silaha yako si tai. Ni kuwaonyesha, mbele ya macho yao, jinsi unavyofikiri.

Kwanza jua unabisha hodi mlango upi.

Mlango wa Serikali unapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Huko makaratasi ndiyo yanayotangulia. Wanataka vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na cha chuo. Zile karatasi za matokeo ya muda hazikubaliwi. Majina yakitofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, utarudishwa na akili zako zote, basi shughulikia hati ya kubadili jina mapema. Kisha kuna mtihani wa mchujo, pengine na wa vitendo, ndipo mahojiano ya ana kwa ana. Nauli, chakula na malazi ni juu yako; tangazo lenyewe linasema hivyo. Kwa mtoto wa mlalahoi anayeitwa Dodoma, huo nao ni mchujo, tena wa kwanza! Ni haki yetu kudai hilo libadilike. Lakini mpaka libadilike, anza kuweka akiba ya nauli siku ile ile unayotuma maombi.

Mlango wa pili ni wa makampuni binafsi. Wapo wanaodai digrii, lakini wapo pia wanaouliza: umetengeneza nini? Hapo usiende na orodha ya lugha kumi za kompyuta ulizozisikia. Nenda na kitu kimoja kinachofanya kazi. Mathalani, programu ya kikoba cha akina mama wa mtaani kwenu, inayojua nani kanunua hisa, nani kakopa na nani hajarejesha. Iweke GitHub waione, na iwe pia kwenye simu yako, maana mtandao hukatika siku unayouhitaji.

Wataichambua. Kwa nini umefanya hivi na si vile? Kama iliandikwa na akili mnemba, wewe ukabandika tu, hapo ndipo utaumbuka. Kazi yangu mimi ni kuuliza watu maswali, na nakwambia, mtu anayejibu asichokijua hutambulika kwenye swali la pili. Kusaidiwa si dhambi, ila kila mstari uwe unaweza kuueleza.

Sasa nikupe mfano wa swali. Mteja anatuma shilingi 20,000 kwa simu. Mtandao unakatika katikati, ujumbe hauji, anabonyeza tena. Utazuiaje asikatwe mara mbili?

Nani kati yetu hajawahi kukaa roho juu akisubiri ujumbe huo? Basi usikurupuke. Fikiri kwa sauti wakusikie. Sema: ombi la kwanza huenda lilifika kwenye kompyuta kuu, huenda halikufika, na simu ya mteja haiwezi kujua. Kwa hiyo kila muamala nitaupa namba yake ya pekee tangu unapoanza. Akibonyeza tena, ombi litakwenda na namba ile ile. Kompyuta kuu ikiikuta namba hiyo kwenye kumbukumbu zake, haikati tena, inarudisha jibu la mwanzo. Halafu jiulize mwenyewe kabla hawajakuuliza: je, maombi mawili yakifika kwa pamoja? Hapo kanzidata yenyewe iwekwe ikatae namba kujirudia.

Umeona? Hujataja neno kubwa hata moja, lakini aliyekaa mbele yako ameshajua kwamba huyu ni fundi. Na usipojua jibu, sema, "Hili sijalifanya, ila ningeanzia hapa." Hiyo inakujenga. Kubabaisha kunakubomoa.

Mengine ni mafupi. Shati safi lililopigwa pasi linatosha. Kiingereza kikikukwama, sema polepole kwa sentensi fupi. Ukiitwa Posta saa 2 asubuhi, usiiamini barabara ya Morogoro, hata kama imepanuliwa baada ya nyumba za wenzetu kubomolewa mwaka 2017. Toka alfajiri. Mwishoni wakikuuliza kama una swali, usitingishe kichwa. Uliza utafanya kazi chini ya nani, na mkataba ni wa muda gani.

Akitokea mtu anadai hela ya fomu au ya "kukusaidia", kimbia. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bure.

Nimalizie na hili. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, programu yake ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Uingereza, Sagentia. Waliochelewa ni wakubwa, wanaolipa gharama ni vijana. Je, tukae kijiweni tukilaani? La hasha! Tuudai usaili wa haki kwa sauti kubwa, na siku tukiitwa, tuingie tukiwa tumejiandaa kiasi kwamba atakayetunyima kazi ajue moyoni kuwa amedhulumu.