Papasi, Adui wa Usiku

Askari atokaye Kigali kwenda zamu ya mpakani, au kulinda amani katika nchi ya kigeni, hukaguliwa bunduki, viatu na mzigo wake. Ni nadra kukaguliwa mahali atakapolala. Na hapo ndipo papasi amngojeapo.

Papasi ni jamaa ya kupe, lakini tabia zao ni mbalimbali. Kupe wa majanini hung'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa, hata akaonekana. Papasi hujificha katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Aweza kuishi miaka kadhaa bila ya kula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani si lazima iwe salama.

Adui huyu si mgeni katika eneo hili. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kiingereza, Joseph Dutton, alifariki Kasongo, mashariki ya Kongo, kwa homa hiyo hiyo ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Katika vita ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi wengi wa Afrika Mashariki waliipata walipolala katika kambi kongwe za misafara.

Hatari kubwa ya homa hii ni ujanja wake. Huanza ghafla, kwa baridi kali, kichwa kuuma na viungo kulegea, hata mgonjwa akadhani ni malaria. Baada ya siku chache hutoweka, naye hujiona amepona. Takriban juma moja likipita, homa hurudi. Askari aliyekwisha kurejea lindoni huanguka tena, pengine mahali pasipo na mganga.

Kwa hiyo, mwenye homa yafaa aende zahanati wakati homa ingalipo, damu ipimwe, na amwambie mganga mahali alipolala katika majuma yaliyotangulia. Dawa zipo, nazo huponya. Lakini asijitibu mwenyewe, kwa kuwa saa chache baada ya dozi ya kwanza hali ya mgonjwa yaweza kuwa mbaya kwa muda, naye huhitaji uangalizi.

Ama kupe wa majanini, asichomwe kwa sigara wala kumwagiwa mafuta ya taa. Akamatwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole na moja kwa moja, asipasuliwe kwa vidole. Kisha jeraha lioshwe kwa sabuni. Ikitokea homa, au kidonda chenye gamba jeusi mahali alipouma, mganga aarifiwe.

Kinga ni kazi ya kila kikosi. Vitanda viinuliwe na kutengwa na ukuta, vyandarua vichomekwe chini ya godoro, nyufa zizibwe, na kila jioni baada ya doria miili ikaguliwe. Mkuu wa kikosi asiyeuliza habari za malazi ameacha mlango wazi.

Wako askari waonao haya kuripoti homa iliyokwisha, wakichelea kuitwa wavivu. Haya hiyo haina faida. Mwenye kuficha homa leo, kesho atabebwa na wenzake, na lindo lake litakuwa tupu.